Radi Ikinguruma, Kata Antene

4 oktoba 2009, siku ya yenga

Mbingu: safi, joto. Mvua haiyafika.

Mi Tshimanga Florent wa Musonoi, Kolwezi, operateri wa foni ya mugodi, naanza kuandika tena. Foni ni redio ya kusema nayo mbali, nafasiria batoto ba leo juu habaijue. Kazi ile ilikuwa inaomba kuandika kila siku: mbingu iko ginsi, nani aliitwa, nani alijibu. Masomo nilisoma kidogo tu kwa bapadri, lakini sauti yangu ilifika Kisenge na Dilolo wakati sauti ya bale ba diplome haikufika ata ku mulango ya biro.

Leo niko na sababu ya kuandika. Beya, jirani, ule anauzishaga samaki ya chumvi, alirudia toka Dilolo. Aliingia kwangu, akakatala kiti.

— Tata Tshimanga, nilimuona Tshibola.

Tshibola ni mutoto wangu wa mwanamuke, sasa ni mama muzima. Alizaliwa hasikie, hasemi. Mungu anapenda mizaha: baba mutu wa foni, mutoto kiziwi. Aliolewa na Kalala, bakaenda kuuzisha bitambaa Angola. Kalala alikufa kule, ye akabakia. Sasa kule banafukuza Bakongomani. Basoda balimutupa mu kamiyo sawa gunia, bakamuacha ku mupaka. Eko kwa bamasera, batawa ba Dilolo.

— Juu nini haukuya naye?

— Nilijaribu, tata. Nilimuonyesha kamiyo, nikamushika. Aliniuma.

Akafungua mukono ya shati. Alama ya meno ya mutoto wangu, safi, muzima yote. Nilisikia furaha kidogo.

7 oktoba, siku ya tatu

Mbingu: mawingu.

Padri Numbi aliniita niseme na Masera Agnès wa Dilolo ku telefone yake. Masera anasema Tshibola hataki gari yoyote. Kamiyo ikiingia mu kiwanja, anakaa chini, anafunika masikio na mikono mbili.

— Tunafikiri makelele ya motere inamuogopesha, asema.

— Masera, mutoto yule hasikie ata ngurumo.

Kisha nikakumbuka. Wakati alikuwa mudogo, alikuwa ananiona kila siku na kaske ya kusikilizia foni ku masikio, nimeishika na mikono mbili. Kwake mikono mbili ku masikio njo jina langu. Hana woga ya makelele. Ananiita.

Niliambia Masera. Kisha akasema: kwabo kuko mashini yenye jicho ya kamera na enternet ya sahani munene ya ku paa. Kila yenga, kiisha misa, ataweza kumukalisha mbele yake. Kama Tshibola ananiona na mikono yangu, kama mi mwenyewe namuambia «panda», atapanda. Lakini tufanye mbio. Mbele ya Noeli bantu bote ba pale batapelekwa kwabo, na kwabo inaangaliwa mu jina. Jina ya Kasai sawa yetu, basi Kasai.

Tshibola hajue Kasai. Ata mi sijue Kasai. Babu yangu njo alitoka kule, Bazungu balimuleta kuchimba. Mi nilizaliwa hapa, mukamba yangu ya kitovu iko mu bulongo ya hapa.

Kwenda mwenyewe? Muguu wangu wa kuume ulivunjika niliposhuka na pilone yote, munara ya antene yetu, na maji ya mwaka jana ilikula njia ya treni. Nilipatia Beya foto yangu amupelekee, lakini foto haina mikono.

Mashini yenye jicho niko nayo. Wakati bei ya shaba ilianguka, makampuni ilikimbia, sahani bado iko ku meza. Muzungu niliyekuwa namulindia nyumba akaniachia mashini yake ya kufunga na kufungua. Mufuniko ilipasuka, nikaizungusha skoch nyeusi ya kunata pande zote. Sasa ni nguvu kupita ile ya dukani.

8 oktoba

Wifi ya Padri inafika mpaka kwangu, nyumba zetu zinaachana na ukuta tu. Lakini mashini haiione. Beya anasema kuko mutu moja tu anaweza: Mado, ule alikuwa anashika cyber, nyumba ya enternet, mbele ifungwe.

Mado ni binti Banza. Nikamuambia Beya: binti Banza haingie kwangu.

10 oktoba

Hakuna mwingine. Nilisema aingie.

11 oktoba, siku ya yenga

Mbingu: nzito.

Mado alifika na kikwembe cha misa, akakaa mbele ya mashini bila kuomba. Akafungua dirisha nyeusi yenye maandiko meupe, vidole mbio mbio. Nilipenda ile. Ilinikumbusha morsi, maneno ya kugonga na kidole.

— Tata, mashini ni muzima. Kadi ya wifi iko ndani. Sisteme inaona kama kuko kitu, lakini haijue kusema nayo. Imekosa piloti.

— Piloti ni nani?

— Ni maandiko yenye kufundisha sisteme luga ya kadi. Sisteme hii ni ya bure, bantu ba dunia yote banaitengeneza mu wazi, kila mutu anaona. Lakini mwenye kadi alificha luga yake. Njo maana hawakuiweka ndani. Tunapashwa kuitafuta pembeni.

— Inatafutwa wapi?

— Ku enternet.

— Na enternet inaingia na nini?

— Na piloti.

Nikamuangalia. Baba yake pia alikuwa anasemanga maneno ya kuzunguka nyumba.

Mado anasema ataikopia ku mashini ya Padri, ile ya zamani, nzito sawa friji, haina jicho. Ataleta mu kile, kidude kidogo cha kuchomeka ku mashini. Nikauliza kama mashini yetu haiwezi kwenda kule ikafungwa na kamba ku sanduku ya enternet. Alisha kuuliza. Padri alimujibu: «Hewa ni ya bote. Chumba ni yangu.» Tangu baliiba betri zake, haingize mutu na mashini.

Nimefikiri juu ya kadi ile. Iko ndani ya nyumba tangu nyumba itengenezwe, na bado banaiambia: hatujue asili yako.

14 oktoba

Mvua ya kwanza! Ilianza na ngurumo, mabati ikatetemeka.

Radi ya Kolwezi inapenda shaba, inashuka sawa mutu anayerudia kwake. Niko na sheria: radi ikinguruma, kata antene. Poste, mashini yenyewe ya foni, ikiwa ku meza ya matengenezo, antene inakatwa na inabakia imekatwa mpaka saa ya kuita. Operateri njo anafungua, fundi hapana. Bengine baliunguza poste, Kisenge iliungua, Dilolo iliungua. Mi, hakuna.

Nilizunguka mashini na kidole. Ku ubavu nikapata kifungo kidogo cha kusukuma, na picha ya antene yenye kutoa mawimbi. Kumbe nayo iko nayo! Nikakata. Juu yake nikaongeza skoch, batoto ba Beya basiguse.

18 oktoba

Mado alileta piloti mu kile. Piloti anaomba mufuko mwingine wa maandiko mbele aingie. Akaenda kuutafuta.

25 oktoba

Mufuko ule unaomba mufuko mwingine.

1 novemba

Mvua. Mufuko.

4 novemba

Radi ilipiga mti nyuma ya shule. Mashini yangu, salama. Nani alikata antene? Mi.

8 novemba, siku ya yenga

Mbingu: mvua tangu usiku.

Piloti aliingia, asema Mado. Lakini taa ya wifi haiwake. Alifuta yote, akaanza tena na piloti wa namna ingine, ule wa kukopa maneno ya Windows, sisteme ya kuuzishwa. Haiwake. Mi nilikaa pembeni na kaske yangu ya zamani ku shingo, nangojea aseme saa ya kuita imefika. Hakusema.

Masera alipiga telefone kwa Padri: leo pia alimukalisha Tshibola mbele ya jicho. Tshibola aliangalia kioo mpaka misa ya mangaribi.

15 novemba, siku ya yenga

Tuligombana. Naandika yote.

Mado alikuwa anapiga maandiko tangu asubui. Nikamuambia: binti Banza, ni kazi hii ulikuwa unafanya mu cyber, ao ulikuwa unapika kahawa?

Hakugeuka.

— Tata Tshimanga, nilikuya bila kuombwa kahawa.

— Baba yako pia alikuya bila kuombwa.

Ndipo akageuka.

Mbele yake nilisema yote. Banza alikuwa fundi wa pilone yangu. Tulikula mu sahani moja. Wakati hapa walianza kufukuza Bakasai, bantu ba asili ya Kasai sawa mi, ule mwaka, alisimama mbele ya nyumba yangu na bantu, kitambaa chekundu ku kichwa, asema: «Murudie kwenu!» Ndugu yangu alipanda treni na batoto, akafia mu njia, mu gare, kule treni inasimama, juu ya kiu. Mi sikutoka. Nilijifungia mu chumba cha foni na Tshibola. Niliita Dilolo, kimya. Niliita Kisenge, kimya. Maoperateri wote walikuwa bantu ba kwetu, bote balikuwa ku treni. Nilikuwa naita hewa ya bure. Tshibola alikaa chini ya meza, mikono mbili ku masikio, ananiangalia. Mugodi nao ulianguka kisha ile. Kazi gani ingesimama, na bantu ba kazi bamefukuzwa?

Mado alifunga mashini polepole.

— Ulisema?

— Nilisema.

— Mi nilikuwa mutoto, tata. Siku ile nilikuwa ndani ya nyumba nalia. Unazani nakuyaga hapa juu yako? Wewe, na kinywa hii? Nakuya juu ya Tshibola. Tulirukaga kamba naye, mbele ya mulango yako. Ye hakuwa anasikia wimbo, nilikuwa namupigia ku bega ajue saa ya kuruka.

Akachukua kile yake, akaenda mu mvua bila kujifunika.

16 novemba

Mvua.

19 novemba

Mvua. Nilifungua mashini mwenyewe. Niliandika ku dirisha nyeusi: FUNGUA. Ikajibu na Kifaransa, haijue amri ile. Nikaandika tena na nguvu.

22 novemba, siku ya yenga

Nilikaa mbele ya kioo. Nilijiona mu giza yake. Nimezeeka, lakini bado mwanaume muzuri.

Dilolo: haijibu.

29 novemba

Masera anasema Tshibola hali vizuri. Bengine balisha kupelekwa Kasai. Wanawake balilia, ye hakulia, alifunika masikio.

2 desemba, siku ya tatu

Mbingu: mawingu, hakuna radi.

Nilienda kwa Banza. Na muguu wangu, ku matope, kupita shimo la zamani la mugodi. Nilijiambia naenda kuangalia kama mashini ya Mado iko na kile ingine. Sikuwa naenda kuomba kitu.

Banza eko ku mulango, mu kiti. Sikujua kama aligonjwa. Upande moja ya mwili yake ilikufa, na kinywa pia. Sauti ile ya kufukuza bantu, hakuna tena. Aliniona, macho ikajaa maji, ao ni upepo.

Mado alitoka na sahani. Hakunisalimia. Alikaa mbele ya baba yake, akagusa tumbo yake na vidole mbili, kisha akazungusha mukono mbele ya kinywa.

Alama ile naijua. Ni neno ya Tshibola. «Njaa, kidogo?» Hakuna shule inafundisha ile, mutoto wangu aliitengeneza mwenyewe hapa Musonoi, akiwa mudogo. Na Banza, na mukono yake moja, akajibu: «Kidogo.» Vile vile kabisa.

— Anajua maneno mingapi? nikauliza.

— Yote Tshibola alinifundisha. Hatukupata ingine.

Banza ule, mu nyumba ile, anaomba chakula na luga ya mutoto aliyemupigia makelele. Nilitaka kucheka. Haikutoka.

— Mashini inakungojea, nikasema.

— Mashini njo inaningojea, ao ni wewe?

— Mashini.

— Basi uiambie nitakuya siku ya posho. Na isinitukane tena.

Mbele niende, niligeukia Banza. Kumusamehe, sijue. Ndugu yangu bado eko pembeni ya reli. Lakini mikono yangu ilitoka yenyewe, ikamuambia: «Kula.»

5 desemba, siku ya posho, mbele ya yenga

Mado alikuya. Alifuta yote toka mwanzo.

6 desemba

Mufuko.

13 desemba

Radi mingi. Kuran ya umeme hakuna, betri ilikufa. Yenga imepotea bure.

20 desemba, siku ya yenga

Mbingu: asubui mvua, kisha wazi. Upande wa Dilolo nyeusi.

Masera alisema asubui: kamiyo ya Kasai inafika kesho. «Tata, kiisha leo sitaweza kumushika tena.» Beya naye eko Dilolo na kamiyo yake, anageukia huku kesho vile vile. Kamiyo mbili, njia mbili.

Mado alifika na mifuko yote, hakukosa moja. Beya alimuacha bibi yake Yolande aangalie kama nakula, basi naye alikuwa pale. Mado alipiga maandiko, akangojea, akapiga. Kisha akaweka mikono mu magoti.

— Tata, nimeshindwa.

— Umeshindwa ginsi? Piloti ameingia?

— Ameingia.

— Sisteme inajua kadi?

— Inaijua. Inaiita na jina yake. Lakini inasema imefungwa, na kila amri ya kuifungua inakatala.

— Yaani fundi umemaliza.

— Nimemaliza na nini? Haione hewa!

— Nauliza kama kazi ya fundi imekwisha. Juu nini hukuniambia saa ya kuita imefika?

— Kuita na nini, tata? Mashini hii ni sawa haina antene!

— Haina juu nilikata.

Yolande aliacha kutafuna.

— Ulikata nini?

— Antene. Ku ubavu. Radi ikinguruma—

— Iko wapi?

Nikashika ncha ya skoch, nikavuta. Ilitoka na rangi ya mashini juu yake. Kifungo kikaonekana, kidogo sawa jino la panya. Nikasukuma. Taa ndogo ya buluu ikawaka.

Mado aliangalia taa. Akaniangalia mi. Akaangalia taa.

— Tangu lini?

— Tangu ngurumo ya kwanza. Hakuna poste iliungua mu mikono yangu.

— Piloti wa kwanza alikuwa muzuri! Wa kwanza kabisa! Nililala na mifuko, naota mifuko, na wewe umekaa pale na kaske ku shingo!

— Nilikuwa nangojea useme.

— Na mi nilikuwa nangojea taa!

Nilifikiri atanipiga. Alicheka mpaka akashika ukuta, Yolande naye akaanguka ku mukeka. Mi sikucheka. Sheria ni sheria. Lakini masikio yangu ilikuwa na moto.

Akaandika jina ya wifi ya Padri, akaita Dilolo. Kioo kikazunguka, kikazunguka. Kisha uso wa Masera Agnès, nyeupe ya kitambaa chake, sauti sawa ndani ya mutungi: «Tata? Muko?» Masera akasogea pembeni.

Tshibola. Amekonda, kichwa bamenyoa. Alikuwa anaangalia chini.

Na saa ile ngurumo ikaanza nyuma ya Musonoi.

Kidole yangu ikaenda ku kifungo. Sikuituma. Myaka mingi ile kidole inajua kazi yake. Radi ikinguruma, kata antene. Mado alinishika na macho.

Kusema na Tshibola inaomba mikono mbili. Hauwezi kulinda kifungo na kumuita.

Nikaacha kifungo. Nikaweka mikono yote mbili ku masikio.

Masera alimugusa bega. Tshibola akainua macho. Aliona. Akasogeza uso mpaka pua yake ikajaza kioo, akarudi nyuma, akaweka mikono ku masikio yake na akafungua kinywa sawa mutu anayecheka, na machozi inashuka mpaka ku vidole.

Nikasema mbio. «Kamiyo. Beya. Mutu muzuri, usimuume.» Mado akaingiza kichwa pembeni yangu, akazungusha mikono: kamba. Tshibola akaruka ku kiti. Nikainua mikono kwa kusema neno ya mwisho, «panda». Nyumba yote ikawa nyeupe, mabati ikalia, taa ya buluu ikazima. Kuran ya site yote, mutaa muzima, ilienda, na sanduku ya Padri nayo.

Sijue kama aliona neno ya mwisho.

21 desemba

Hakuna kuran. Hakuna habari.

23 desemba

Padri anasema telefone ya Dilolo haishike.

25 desemba, Noeli

Mvua. Mado alileta buku, ugali yetu, na samaki. Tulikula na Banza, ku mulango yake.

28 desemba

Kadi iko muzima, taa iliwaka kuran iliporudia. Dilolo: haijibu.

3 janvie 2010, siku ya yenga

Mbingu: mvua nzito.

Kamiyo ya Beya ililala mu matope mara na mara, ilifika leo asubui na samaki ya kunuka. Beya alishuka wa kwanza, akainua mikono yake yote mbili juu, anaonyesha.

— Angalia, tata! Muzima! Hakuniuma!

Nyuma yake, juu ya magunia, Tshibola. Hakungojea mutu amushushe. Aliruka mu matope, akaniangalia juu mpaka chini, akashika muguu wangu mubovu kwanza, kisha uso wangu. Alipoona Mado, alimupiga ku bega: ruka.

Sasa ni mangaribi. Nyumba imejaa. Dilolo inajibu tena, habari ilipita, na bantu ba Musonoi wenye ndugu Dilolo banakuya na biti yabo ya kukalia. Mama moja anasema na mume wake mu kioo, anamulilia juu ya ndevu. Ngurumo imeanza. Mama yule amegeuka, ananiangalia na woga, juu bote banajua sheria yangu. Tshibola hasikie ngurumo, lakini ameona umeme ku dirisha, naye ananiangalia.

Nimemuambia mama yule: maliza kusema.

Aliyeitwa: Tshibola. Alijibu.
Mbingu: radi.
Antene: wazi.